Boti ya dizeli isisukumwe kwa pupa wala isiachwe njiani inapopanda juu ya maji

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa manahodha na wamiliki wa boti za starehe zinazoendeshwa kwa injini za dizeli, kuhusu jambo ambalo kwa maoni yangu halifundishwi inavyostahili. Nalo ni namna ya kuitoa boti kwenye mwendo wa kukata maji na kuifikisha kwenye mwendo wa kuteleza juu yake, bila moshi mweusi, bila abiria kuyumbishwa, bila kuichosha injini na bila kuwaachia wengine mawimbi. Kazi yenyewe huchukua chini ya dakika moja. Hata hivyo, ndani ya muda huo mfupi injini hubebeshwa mzigo mzito kwa ghafla, nahodha huona mbele kwa shida kuliko wakati mwingine wowote wa safari, na kosa dogo la mkono huonekana papo hapo kwenye maji yaliyo nyuma ya boti.

Nimefanya kazi ya ufundi na ya unahodha, na katika safari za majaribio nimekaa kando ya manahodha wengi wakiwa usukanini. Tabia mbili hujirudia. Ya kwanza ni ya pupa: mara boti inapotoka kwenye eneo la maegesho, nahodha hukamata mikono yote miwili ya mafuta na kuisukuma hadi mwisho kwa pigo moja. Ya pili ni ya kusitasita: nahodha huongeza kidogo, huona omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, likiinuka na kuuziba upeo wa bahari, huingiwa na hofu na kurudisha mkono, kisha huongeza tena, na hivyo boti huenda maili kadhaa ikiwa imekaa kitako, omo juu na tezi (sehemu ya nyuma) chini, kana kwamba huo ndio mwendo wake wa kawaida. Manahodha wa aina zote mbili, boti ikikataa kupanda, hutoa lawama ile ile, kwamba injini hazina nguvu. Mara nyingi injini hazina kosa lolote.

Hatuna budi kuanza na maji yenyewe. Boti inayokwenda polepole huelea kama chombo chochote kingine, yaani uzito wake hulingana na uzito wa maji iliyoyaondoa mahali pake. Inapokwenda hutengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo umbali kati ya vilele vya mawimbi hayo unavyorefuka, mpaka unalingana na urefu wa boti. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyefanya majaribio katika karne ya 19 kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli majini, ndiye aliyeuweka uhusiano wa mwendo na urefu wa chombo katika hesabu zinazotumika hadi leo. Kwa vipimo vya mita, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwenye usawa wa maji, ukizidishe kwa 2.43, na utapata mwendo ambao wimbi hulingana na urefu wa boti, kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti ya mita 9 hufika hapo ikiwa karibu na noti 7.3, ya mita 12 karibu na noti 8.4, na ya mita 16 karibu na noti 9.7.

Ukipita mwendo huo, wimbi la nyuma huachwa, upande wa tezi hukosa cha kuegemea na kuzama kwenye bonde la maji, na omo huinuka juu ya wimbi la mbele. Boti sasa inajaribu kupanda wimbi ililolitengeneza yenyewe. Ukinzani wa maji huongezeka haraka kuliko mwendo, na ukiuchora kwenye karatasi utaona umbo la kilima. Ng'ambo ya kilima hicho mambo hubadilika kabisa: maji yanayolipiga tumbo la boti kutoka chini huanza kubeba sehemu kubwa ya uzito, boti huinuka mwili mzima, eneo linalolowa hupungua na omo hushuka mahali pake. Boti nyingi za ukubwa wa wastani huvuka kilima hicho mahali fulani kati ya noti 12 na 18, kutegemea urefu, uzito na umbo la tumbo. Ni sawa na kusukuma mkokoteni wenye shehena kwenye mwinuko: anayesimama katikati hupoteza nguvu yote aliyoijenga huko chini, na kuushikilia pale ni kazi isiyo na faida.

Tabia ya dizeli inaingia hapo. Injini nyingi za dizeli zinazofungwa katika boti hizi hupata nguvu yake kwa msaada wa tabochaja, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka ili ishindilie hewa zaidi ndani ya silinda. Kila kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika kikamilifu, kwa vitendo huhitajika hewa zaidi ya hiyo. Tabu ni kwamba tabochaja hutegemea moshi wa injini inayofanya kazi, na injini inayonguruma polepole haina moshi wa kutosha wa kuizungusha. Kati ya mkono wa nahodha na hewa iliyoshindiliwa pana kipindi cha kungoja, na hakuna ubabe unaoweza kukiondoa.

Nahodha anaposukuma mkono hadi mwisho kwa pigo moja, injini yenye pampu ya zamani ya kimakanika humwagiwa mafuta ambayo hewa yake haijafika. Mafuta hayo hugeuka masizi yanayochafua tabochaja na kupaka weusi upande wa tezi, na joto la ekzosi hupanda. Injini mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta hujilinda, kwa kuwa kompyuta hupima shinikizo la hewa na kukataa kutoa mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza. Kwa hiyo mwenye pupa hapati hata zile sekunde alizozifukuzia: mkono umefika mwisho na injini bado inangoja hewa. Zipo injini zilizofungiwa kompresa inayozungushwa na mkanda ili kuziba pengo hilo kwenye mizunguko ya chini, na anayeziendesha huhisi tofauti mara moja, lakini nyingi hazina.

Propela nazo zina mpaka wake. Zikizungushwa kwa nguvu nyingi wakati boti bado haijashika mwendo, shinikizo kwenye uso wa makoleo yake, yaani mapanga ya propela, hushuka kiasi kwamba maji hugeuka kuwa mapovu ya mvuke, na mapovu hayo yanapopasuka hung'ata chuma. Aliyewahi kuitoa boti majini akaona makoleo ya propela yenye vishimo kama yaliyodonolewa ataelewa ninachosema. Nguvu iliyopotelea kwenye mapovu haimsukumi mtu.

Mwenye kusitasita huumiza injini kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiye anayeiumiza zaidi, kwa sababu pupa huisha baada ya sekunde chache lakini kusitasita huweza kudumu saa nzima. Boti inapong'ang'ania kwenye kilima, propela hudai msokoto mkubwa, yaani nguvu ya kuzungushia, wakati injini iko kwenye mizunguko ya kati, mahali ambapo hewa ya tabochaja bado haijakamilika. Injini hula mafuta mengi, hutoa joto jingi, na haipati mwendo wa maana. Ukigawa mafuta yaliyotumika kwa maili zilizokwenda, mara nyingi utakuta kwamba hakuna mwendo unaotafuna tangi kuliko huo, na kwamba boti ile ile ikiteleza kwa noti 20 ingetumia mafuta machache kwa kila maili.

Basi boti ipandeje? Kazi huanza kabla ya mkono kuguswa. Injini lazima iwe na joto. Kuiacha ingurume maegeshoni muda mrefu hakusaidii sana, kwa kuwa dizeli isiyo na mzigo hupata joto kwa shida sana. Ni bora kuitia gia na kwenda polepole mpaka geji ya maji ya kupozea itulie kwenye joto la kawaida la injini husika, ambalo kwa injini nyingi liko kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi, kisha kuongeza dakika chache kwa ajili ya oili, kwa sababu oili huchelewa kupata joto kuliko maji. Moshi mweupe unaotoka wakati injini ni baridi mara nyingi ni mafuta ambayo hayakuungua, na injini inayotoa moshi huo haijawa tayari kubeba mzigo.

Uzito ndio jambo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote. Lita moja ya maji baridi ina kilo moja, na lita moja ya dizeli ina takriban kilo 0.84, kwa hiyo boti iliyojaza lita 1,500 za dizeli na lita 500 za maji imebeba karibu kilo 1,760 kabla ya mtu wa kwanza kupanda. Hilo lenyewe si kosa, maana boti imeundwa kubeba vitu hivyo. Kosa ni uzito kurundikana nyuma. Watu huweka kidau cha mpira pamoja na mashine yake kwenye jukwaa la kuogelea, huongeza sanduku la vyombo vya kupigia mbizi, kisha abiria wote hukusanyika kwenye viti vya nyuma kwa sababu ndiko kwenye upepo na jua. Uzito huo wote uko upande ule ule unaozama boti inapokifikia kilima. Wahamishie abiria ndani au kwenye viti vya katikati (si juu ya sitaha ya mbele, ambako mtu anaweza kurushwa), na utaona boti iliyokuwa ikikataa inapanda bila kuguswa kitu kingine.

Yatazame pia maji yaliyomo ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Boti ikiwa imetulia, maji hayo hutandaa na huonekana machache. Omo linapoinuka yote hukimbilia nyuma, hupiga ukuta wa tezi na kukaa hapo, na kadiri omo linavyozidi kupanda ndivyo yanavyozidi kuikandamiza sehemu ambayo boti ingetaka kuiinua. Nimeshuhudia mabishano marefu kuhusu nguvu za injini yakiisha baada ya pampu ya ngama kufanya kazi kwa dakika kumi.

Halafu kuna uchafu wa chini ya maji. Utando wa mwani na kome wadogo kwenye tumbo la boti huongeza ukinzani, na kome wachache kwenye makoleo ya propela huharibu zaidi kuliko wengi walio kwenye tumbo. Kipimo kipo na hakigharimu kitu: ukiwa kwenye kina cha kutosha, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na injini zikiwa na joto, peleka mkono hadi mwisho kwa muda mfupi na usome mizunguko. Injini lazima ifikie mizunguko ya juu iliyotajwa na mtengenezaji. Ikipungukiwa kwa 150 au 200, inabeba mzigo kupita kiasi, na sababu itafutwe kwanza kwenye tumbo, propela, uzito, filta ya dizeli na njia ya hewa, kabla ya mtu kuanza kufungua injini. Boti inayoshindwa kufikia mizunguko yake ya juu hupandia kilimani kwa tabu kila siku, na nahodha hodari kiasi gani hawezi kuiponya kwa mkono wake.

Mahali nako kuna maana. Kwenye maji mafupi mawimbi ya boti hubadilika kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Panapokuwa na kina cha mita 3, mwendo wa karibu noti 10.5 ndio wimbi haliwezi kuupita, na boti inayoukaribia mwendo huo hukokota wimbi zito nyuma yake na kuzama upande wa tezi. Haifai kabisa kuanza kupanda mahali kama hapo. Ngoja kina kiongezeke.

Sasa tendo lenyewe. Nahodha aangalie pande zote, nyuma ikiwemo, kwa sababu Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 humtaka kila mwenye chombo kuwa macho wakati wote na kwenda mwendo wa usalama, na omo likishainuka hataona kitu kidogo kilicho mbele yake kwa sekunde kadhaa. Achague njia iliyonyooka na ahakikishe ni tupu hadi mbali. Awaambie abiria kwa sauti kwamba boti inapanda, wakae na washike kitu. Mlango wa nyuma ufungwe na pasiwe na mtu kwenye jukwaa la kuogelea.

Boti nyingi zina vibao viwili vilivyofungwa kwa bawaba chini ya upande wa tezi, ambavyo hushushwa na kupandishwa kwa swichi. Vishushwe kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu kazi yake ni kuinua tezi wakati ambapo tezi inataka kuzama. Boti zenye mguu wa propela uliofungwa nje ya tezi ziurudishe mguu huo ndani kabisa kuelekea tezi, kwa kusudi lile lile. Wengi hungoja mpaka omo limewaziba macho ndipo wakumbuke swichi, nao huwa wamechelewa.

Kisha mkono usogezwe hadi pale tabochaja inapoanza kuamka, ambapo kwenye injini nyingi ni kati ya mizunguko 1,200 na 1,600 kwa dakika, na uachwe hapo kwa pumzi mbili tatu. Sikio litakwambia: mngurumo hubadilika, mluzi mwembamba husikika chini yake, na boti huanza kuvuta. Kuanzia hapo songeza mkono mfululizo, bila pigo na bila kusimama, kwa muda wa kati ya sekunde 8 na 15 hivi kutegemea ukubwa wa boti. Kama injini ni mbili, mikono iende pamoja na sindano za mizunguko zipande sambamba. Omo litainuka. Kila hisia ya mtu usukanini humwambia arudishe mkono, na hapo ndipo asirudishe. Usukani ubaki umenyooka, maana kukata kona kwenye kilima huilaza boti ubavu na kuongeza ukinzani wakati nguvu zote zimeshatumika.

Dalili ya kuvuka naiona nzuri kuliko dalili zote za kazi hii. Mkono umetulia, hakuna aliyeongeza kitu, lakini sindano ya mizunguko hupanda yenyewe, 100, 200, na nyakati nyingine zaidi, kwa sababu mzigo uliokuwa ukiikaba injini umeondoka. Wakati huo huo omo hushuka, upeo wa bahari hurudi machoni, na sauti ya maji hubadilika kutoka kuvuma kizito na kuwa mchirizo mwepesi pembeni. Mara moja punguza mkono hadi mwendo wa safari, ambao watengenezaji wengi hushauri uwe angalau mizunguko 200 chini ya ile ya juu kabisa. Boti haitashuka tena, kwa kuwa kukaa juu huhitaji nguvu ndogo kuliko kupanda. Mwenye kusahau kupunguza huiendesha injini kwa nguvu za kupandia safari nzima.

Kisha vibao vipandishwe kidogo kidogo huku ukitazama kipima mwendo. Tafiti za maji, hasa hesabu zilizochapishwa mwaka 1964 na mhandisi Mmarekani Daniel Savitsky, zimeonyesha kwamba boti inayoteleza hupata ukinzani mdogo ikiwa mlalo wake, yaani pembe ya kuinuka kwa omo, uko karibu na nyuzi 4. Hakuna anayebeba kipima pembe usukanini, lakini kipima mwendo hutosha: pandisha vibao hatua moja, ngoja, ukiona mwendo umeongezeka endelea, ukiona umepungua au omo limeanza kurukaruka rudi hatua moja. Vibao vilivyoachwa chini huchimbisha omo, hulowesha sitaha na kuufanya usukani uwe mwepesi wa kugeuka vibaya. Kama mawimbi yanatoka nyuma, hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa omo likijichimba kwenye mgongo wa wimbi la mbele, tezi linaweza kuzunguka na boti ikalala ubavu. Katika hali hiyo tumia vibao kwa uchache, na vipandishwe upesi.

Mheshimiwa Mhariri, sababu kubwa iliyonifanya nishike kalamu ni jinsi mambo haya yanavyowagusa watu ambao hawamo ndani ya boti. Wimbi kubwa la boti ya aina hii halitoki inapoteleza kwa noti 22, wala inapokwenda noti 6. Hutoka katikati, boti inapolima maji kwa noti 10 au 12 huku imekaa kitako. Nahodha anayeona mtumbwi wa wavuvi mbele yake, akapunguza kutoka noti 22 hadi 12, huamini kwa moyo mweupe kwamba amefanya adabu. Kumbe amewapelekea wale watu wimbi lenye nguvu kuliko lile ambalo wangelipata kama asingegusa kitu. Mvuvi aliyesimama akivuta wavu, mtoto anayepanda ngazi kutoka majini, boti zilizofungwa gatini zikigongana, ukingo wa mto unaomeguka: wote hulipa gharama ya mwendo ambao hata mwenye boti haumfaidishi. Anayetaka kupunguza kwa ajili ya wengine na apunguze mpaka chini ya ule mwendo wa kipeuo cha pili, mpaka omo litulie na maji ya nyuma yawe laini, na aanze kupunguza mapema. Anayetaka kwenda kasi na aende mbali nao. Palipo na watu, mwendo wa katikati usitumike hata kidogo, na pale sheria inapoweka ukomo wa mwendo, kupanda kusianzwe mpaka ukomo huo uishe.

Kushuka nako kuna kanuni zake. Mkono ukirudishwa ghafla, boti huketi majini papo hapo lakini wimbi lililokuwa likiifuata halisimami. Hulipata tezi kutoka nyuma, huliinua, na kama jukwaa liko chini humwaga maji juu yake na wakati mwingine ndani ya boti. Punguza kwa hatua, acha boti ishuke kilima upande wa pili, na wimbi likikufikia uwe bado unasonga mbele kidogo. Baada ya safari ya kasi, usizime injini mara unapofunga kamba. Iache ingurume bila mzigo dakika 3 hadi 5, kwa sababu mhimili wa tabochaja bado una moto mkali na oili ndiyo inayoupoza.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha unahodha, wanaokodisha boti na wanaokabidhi boti mpya kwa wanunuzi. Makabidhiano mengi hufanyika gatini: mnunuzi huonyeshwa swichi, jiko, taa na namna ya kutia nanga, huku boti ikiwa tupu na matangi yakiwa robo. Boti hiyo hupanda kwa wepesi siku ya kwanza, na mwenyewe huja kushangaa wiki zinazofuata akiwa na familia, mafuta kamili na kidau nyuma. Mwanafunzi au mnunuzi apelekwe nje boti ikiwa na mzigo wake halisi, apande na kushuka mara kadhaa kwa mkono wake mwenyewe, kisha asimamishwe nyuma ayatazame maji wakati mtu mwingine anaendesha, ili aone kwa macho yake wimbi la noti 7, la noti 12 na la noti 20. Mizunguko ya juu iliyosomwa siku hiyo, boti ikiwa safi, iandikwe kwenye daftari la boti, ili itakapopungua baadaye mwenyewe ajue kwamba kuna kitu kimebadilika na aanze kukitafuta chini ya maji.

Wako katika ujenzi wa usafiri salama wa majini,

Fundi na nahodha wa boti za dizeli